Nani Kauona Ufa?

Kipeperushi bado kipo chini ya kioo cha meza ya sebuleni kwetu Kigamboni, kati ya picha ya mahafali yangu na ratiba ya Ramadhani ya miaka minne iliyopita. Ni cha rangi ya bluu. Kina picha ya familia inayocheka chini ya kiyoyozi, na juu yake kimeandikwa kwa herufi kubwa: USIPOZIBA UFA, UTAJENGA UKUTA. Chini, kwa herufi ndogo, kuna bei: shilingi 180,000 kwa mashine moja kwa mwaka, huduma nne, "amani ya moyo mwaka mzima".

Niliyemshawishi Mama asaini ni mimi.

Bibi alikuwa ameletwa kutoka Lindi baada ya kupata kiharusi. Tulimwekea kiyoyozi chumbani kwa shilingi 850,000, kingine kilikuwepo tayari sebuleni, na siku ile ile waliyokuja kukifunga, kijana mwenye fulana ya kampuni akatoa kipeperushi kwenye begi lake. Mama hakutaka. Amefundisha shule ya msingi kwa miaka 33, na pensheni yake anaihesabu kama alivyokuwa akihesabu chaki. Akaniuliza swali moja tu: "Wakija wakakuta haina tatizo, watafanya nini?"

Sikuwa na jibu, nikamsomea methali. Nilikuwa nimetoka kupata shahada ya kwanza ya uchumi, nikamwambia kwa sauti ya msomi kwamba kinga ni nafuu kuliko tiba, na kwamba kwa hali ya Bibi hatuwezi kubahatisha. Mwalimu wa Kiswahili akanyamazishwa kwa methali aliyoifundisha yeye mwenyewe. Akasaini.

Ninaandika haya kwa sababu vipeperushi vya aina ile vinazidi, na wanaopewa kazi ya kuvisoma nyumbani ni sisi. Mzazi anaambiwa bei, anageuka kwa mtoto aliyesoma, na mtoto aliyesoma anaitikia kwa kichwa. Nasema mapema ili tusigombane bure: kiyoyozi kinahitaji matunzo, na asiyekitunza atalia. Ninachokipinga ni mkataba wa mwaka wa matengenezo kwa nyumba ya kawaida yenye mashine moja au mbili. Matunzo ni kazi. Mkataba ni karatasi. Tumezoea kulipia karatasi tukidhani tumelipia kazi.

Tuanze na mashine yenyewe, maana mikataba hii inaishi kwenye giza la sisi kutojua mashine inavyofanya kazi. Kiyoyozi hakitengenezi ubaridi. Kinachota joto la ndani na kulimwaga nje. Ndani ya mabomba yake ya shaba kuna gesi inayozunguka: ikiwa kwenye koili ya ndani inageuka mvuke na kunyonya joto la chumba, ikifika nje, kompresa inaikamua, inalitema lile joto, inarudi kuwa kimiminika, inaanza tena. Gesi ni ile ile. Haichomwi kama petroli ya jenereta, wala hailiki kama unga kwenye debe. Mfumo umefungwa, na kama umefungwa sawasawa unaweza kufanya kazi miaka mingi kwa gesi iliyotiwa siku ya kwanza.

Kwa hiyo fundi akikuambia, "Gesi imepungua, ndiyo kawaida yake," amekuambia jambo lisilowezekana. Ni kama daktari akuambie damu yako imepungua, ndiyo kawaida, ngoja akuongeze chupa mbili, na mwakani uje tena. Damu ikipungua kuna mahali inatoka. Gesi ikipungua kuna mahali inavuja. Kuongeza bila kutafuta ni kumwaga.

Vinavyochafuka kila siku ni vitu vingine, na vingi vinaonekana kwa macho. Kuna chujio, wavu ule wa plastiki nyuma ya mfuniko wa mbele, unaojaa vumbi la barabara zetu. Likiziba, hewa haipiti vizuri, koili inapoa kupita kiasi, na barafu inaanza kujenga. Kuna trei ya maji na bomba lake. Willis Carrier alipobuni mtambo wake mwaka 1902, alikuwa anashughulikia unyevu uliokuwa ukiharibu karatasi katika kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn. Mpaka leo mashine hizi zinakamua maji hewani, na hewa ya Dar es Salaam ina maji ya kukamua. Yale maji yakichanganyika na vumbi yanazaa utelezi, utelezi unaziba bomba, na usiku mmoja kiyoyozi kinaanza kudondosha maji juu ya kitanda. Halafu kuna kile kisanduku cha nje, ambacho kwa sisi tunaokaa karibu na bahari kinaliwa na chumvi.

Chujio unaliosha mwenyewe kwenye bomba la uani kwa dakika 10. Kuosha koili, trei na mashine ya nje kunahitaji fundi mwenye pampu ya maji na mfuko wa kukinga ukuta, na kwa nyumba kama yetu mara mbili kwa mwaka inatosha. Hayo ndiyo matunzo. Sasa turudi kwenye karatasi.

Mkataba wetu ulikuwa na kurasa tatu. Nilizisoma vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, jambo ambalo naliandika hapa kwa aibu. Ukurasa wa kwanza ulieleza tutakachopata: huduma nne kwa mwaka, ukaguzi wa jumla, na kipaumbele wakati wa dharura. Ukurasa wa pili ulieleza tusichopata. Vipuri haviko ndani ya bei. Gesi haimo. Kompresa haimo. Hitilafu zinazotokana na umeme kupanda na kushuka hazimo. Na mwisho kabisa, kipengele kilichonifanya nicheke peke yangu: uharibifu unaotokana na hali ya hewa ya pwani haumo. Mkataba wa kiyoyozi, Kigamboni, unaokataa bahari.

Ukiondoa vyote hivyo, kinachobaki ni kuosha. Bima, kwa ubaya wake wote, inakubali kubeba hasara yako siku mbaya ikifika. Mkataba huu haukubeba hasara yoyote. Ulikuwa malipo ya mapema ya kuoshewa mashine mara nane kwa mwaka, mbili mara nne, kwa shilingi 45,000 kila mara, wakati fundi wa mtaani kwetu anaosha kwa 30,000 na analipwa akimaliza.

Hata zile mara nne hazikupangwa kwa faida ya mashine. Walikuja Aprili, Julai, Oktoba na Januari, kwa sababu mwaka unagawanyika vizuri kwa nne. Upepo wa pwani haugawanyiki hivyo. Kaskazi ndiyo inayoleta joto, kuanzia Desemba mpaka Machi, na hapo ndipo mashine inafanya kazi kama punda wa Lamu. Kusi ikianza kuvuma, Juni na Julai, Bibi anajifunika blanketi na kiyoyozi kinazimwa wiki nzima. Nimeiona karatasi ya huduma ya Julai, ina sahihi na muhuri: "Mashine imekaguliwa, ipo vizuri." Bila shaka ilikuwa vizuri. Ilikuwa imelala.

Karatasi hizo zilikuwa 12 kwa miaka mitatu, Mama amezitoboa na kuzifunga uzi. Nilipozipanga mezani nikaona kitu ambacho hakuna aliyetuambia: mashine ya chumba cha Bibi ilikuwa imejazwa gesi mara nne, kwa shilingi 90,000 kila mara. Kila karatasi, ikisomwa peke yake, ilikuwa ya kawaida. Zikiwa pamoja zilikuwa zinapiga kelele.

Lakini sikuzipanga kwa busara. Nilizipanga kwa hasira, baada ya Ijumaa ile.

Ilikuwa Februari ya mwaka jana, mwezi wa mwisho wa mkataba wa tatu. Saa nane mchana kiyoyozi cha Bibi kiliacha kupoza. Upepo ulikuwa unatoka, wa moto. Nikapiga simu kampuni, nikataja namba ya mkataba, nikataja kiharusi, nikataja neno "kipaumbele". Dada aliyepokea alikuwa na adabu kabisa. Akasema kazi yetu ameiweka kwenye foleni, na kwa kuwa ni mwishoni mwa wiki, fundi atafika Jumatatu. Nikamsomea mkataba: wakati wa dharura. Akaniambia nisome mbele kidogo. Nikasoma mbele kidogo. Ilikuwa imeandikwa, "haraka iwezekanavyo kulingana na upatikanaji wa mafundi."

Chumba kile kilikuwa na pangaboi zamani. Tulilitoa wakati wa kufunga kiyoyozi, tukaweka dari mpya ya jipsamu, chini kuliko ya mwanzo, na dirisha la alumini ambalo nusu yake haifunguki. Tulikuwa tumekigeuza kuwa chumba kisichoweza kuishi bila mashine, kisha tukakabidhi mashine kwa foleni. Usiku ule Mama na mimi tulipokezana kumpepea Bibi kwa ukili na kumfuta kwa khanga iliyoloweshwa. Bibi hawezi kusema vizuri upande mmoja wa mdomo. Kwenye saa tisa usiku alinishika mkono akasema neno moja, "Nje." Tukamtoa barazani kwa godoro, tukafunga chandarua kwenye nguzo, na ndipo alipolala. Mimi sikulala. Wazee huumizwa na joto kuliko sisi, na kimya kimya. Kila nilipoona kifua chake kimetulia nilisogeza sikio.

Jumamosi asubuhi jirani akatuletea fundi, kijana aliyekuja na pikipiki na begi la vifaa mgongoni. Akamwamkia Mama, "Shikamoo, Mwalimu," maana alisoma shule aliyofundisha. Akafungua mashine ya nje, akapima, akatoa kopo dogo la chuma lililovimba juu kama kopo la nyanya lililoharibika. "Kapasita," akasema. Ndiyo inayoipa kompresa nguvu ya kuanza. Ikifa, feni inaweza kuzunguka lakini kompresa haiamki, na mwenye nyumba akiambiwa kompresa imekufa ataamini. Kapasita mpya pamoja na ufundi: shilingi 25,000. Baada ya nusu saa chumba kilikuwa kinapoa.

Angeweza kuondoka. Badala yake akachuchumaa mbele ya maungio ya bomba la shaba, akapitisha kidole, akamwonyesha Mama. Kidole kilikuwa na mafuta. "Mwalimu, gesi hii mnajaza kila mara?" Gesi inapotembea hubeba mafuta ya kompresa, inapovuja, mafuta hubaki mlangoni kama nyayo za mwizi. Akaomba sabuni ya unga na maji kidogo, akapiga povu, akalipaka kwenye nati. Tukasogea wote watatu. Povu likaanza kutoa mapovu madogo, moja moja, taratibu, kama mtoto anayepumua usingizini.

Ufa wenyewe ulikuwepo. Ulikuwa mwembamba kama unywele, kwenye mdomo wa bomba pale ulipokunjwa vibaya siku ya kufunga mashine. Watu walipita mbele yake mara 12 wakiwa na karatasi iliyosema wamekagua. Mara nne waliujazia gesi. Kampuni iliyotuuzia methali ya ufa ndiyo iliyoishi juu ya ufa.

Sisemi walifanya makusudi. Sijui, na hoja yangu haihitaji makusudi. Hoja yangu ni kwamba katika mpango mzima ule hapakuwa na mtu hata mmoja aliyelipwa kwa kuuona ufa. Mkataba ulilipia ziara. Gesi ililipiwa pembeni. Kuziba ufa kungemaliza biashara ya gesi na kusingeongeza hata senti kwenye ziara. Mpe malaika masharti hayo, na baada ya miaka mitatu atakuwa anajaza gesi.

Uchumi una jina la hali hii, na niliisoma darasani mwaka wangu wa kwanza wa uzamili, muhula ule ule ambao tulilipia mkataba wa tatu. Mwaka 1973 Michael Darby na Edi Karni waliandika kuhusu aina ya bidhaa ambazo tunaweza kuziita bidhaa za imani. Chungwa unalibonyeza sokoni kabla ya kununua. Wali wa mgahawani unaujua ukishaula. Lakini kuna vitu ambavyo hata ukishavilipia na kuvitumia huwezi kujua kama ulivihitaji: matengenezo ya gari, baadhi ya matibabu, ukarabati wa mashine. Mtu yule yule anakuambia unaumwa nini, anakuuzia dawa, na anakuambia umepona. Niliandika insha kuhusu makala yao. Nilipata alama nzuri. Nikarudi nyumbani nikamwambia Mama alipie tena.

Hapo ndipo mkataba unapojificha. Unajitangaza kama dawa ya kutojua, kana kwamba ukimlipa mtu mapema ataangalia kwa niaba yako. Kumbe unakuongezea kutojua. Ukilipa kwa kazi, unasimama pale, unauliza, unaona povu. Ukilipa kwa mwaka, unasaini karatasi ya huduma ukiwa unaangalia simu, kwa sababu "wanakuja wenyewe". Amani ya moyo iliyoandikwa kwenye kipeperushi ni ruhusa ya kutotazama.

Nilimuuliza binamu yangu, aliyetoka VETA na cheti cha majokofu na viyoyozi na kufanya kazi mwaka mmoja na nusu katika kampuni nyingine ya aina hii. Alicheka kwanza. Kisha akanieleza siku yake. Alikuwa anapewa orodha ya nyumba 10, kutoka Mbezi mpaka Mbagala, msaidizi mmoja na gari moja wanalogombea mafundi wengine. Kuosha mashine sawasawa kunachukua saa moja au zaidi. Saa 10 za kazi hazipo, achilia mbali foleni ya barabarani. Kwa hiyo wanapuliza: chujio linapigwa upepo, mfuniko unafutwa kwa kitambaa chenye manukato, rimoti inabonyezwa mpaka 16, mwenye nyumba anasikia baridi, anasaini. Mshahara ulikuwa mdogo, ila ukiuza gesi una chochote chako mwisho wa mwezi. "Mimi sikuwa mwizi," aliniambia, na sauti yake ilishuka. "Nilikuwa na nyumba 10."

Ninamwamini, na ninataka msomaji amwamini pia, kwa sababu ni rahisi kuisoma makala hii kama malalamiko dhidi ya mafundi. Fundi wa pikipiki na binamu yangu wamefundishwa kitu kile kile. Tofauti ni kwamba mmoja alilipwa na Mama kwa kazi iliyo mbele ya macho ya Mama, na mwingine alilipwa na ofisi kwa idadi ya milango aliyogonga. Kati ya shilingi 45,000 zetu na mkono ulioshika spana kulikuwa na watu wengi.

Kuna wa tatu aliyeumia, ambaye haandikiwi risiti. Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, hapa hapa jirani, yakakubaliana kupunguza gesi za aina hii, kwa sababu zikitoka hewani zinashika joto kwa nguvu ya kutisha. Gesi inayoitwa R-410A, ambayo ndiyo iliyokuwa kwenye mashine ya Bibi, kilo moja yake inapasha dunia takriban mara 2,000 ya kilo moja ya hewa ya ukaa. Ile mpya zaidi, R-32, ni karibu mara 700. Kujaza bila kuziba, mwaka baada ya mwaka, ni kupuliza joto angani ili chumba kimoja kipoe, kisha kushangaa mbona kaskazi ya siku hizi haina huruma.

Najua nitakayojibiwa. Nimeyasikia yote, mengine kutoka kwa wanadarasa wenzangu.

La kwanza: hospitali, maabara, benki, ofisi zenye mashine 40 zina mikataba. Ndiyo, na ziwe nayo. Lakini tazama mikataba yao. Ina saa za kufika zilizoandikwa kwa tarakimu, ina faini fundi akichelewa, na mara nyingi ofisi ina mtu wake anayeelewa mitambo, anayesimama nyuma ya fundi. Mkataba wenye meno unafanya kazi. Wetu ulikuwa na fizi.

La pili: dhamana ya kiwanda itapotea. Hili ni la kweli kwa baadhi ya mashine, na ndiyo maana usome waraka wa dhamana wenyewe, usimsikilize muuzaji anavyousimulia. Kama unataka huduma ya wakala kwa muda wa dhamana, lipia huduma hiyo, tunza risiti. Muda ukiisha, sababu imeisha. Dhamana yetu ilikuwa ya mwaka mmoja. Tulilipa mitatu.

La tatu ndilo zito: watu wengi hawana muda, na wengine ni wazee wanaoishi peke yao, hawawezi kupanda kiti kuchomoa chujio wala kumkimbiza fundi. Hapa sina kejeli. Kwa mzee aliye peke yake, mtu wa kupiga hodi mara nne kwa mwaka ana thamani, hata akija na kitambaa cha manukato tu. Lakini basi tuseme ukweli kwamba tunanunua hodi. Na tujiulize kwa nini mjukuu aliye Mlimani, mtu mzima mwenye miguu miwili na simu janja, anamnunulia bibi yake hodi ya kampuni badala ya kupanda pantoni mwenyewe mara moja kwa mwezi na kuosha chujio. Najiuliza mimi. Mkataba ule haukuwa wa Mama wala wa Bibi. Ulikuwa wangu. Ulininunulia nafasi ya kutofikiria nyumba nikiwa chuoni.

Hesabu, basi, kwa wanaotaka hesabu. Kwa miaka mitatu tulilipa shilingi 1,080,000 za mkataba na 360,000 za gesi, jumla 1,440,000. Kwa njia ya pili, kuosha mashine mbili mara mbili kwa mwaka ni 120,000, miaka mitatu 360,000, kuziba ufa na kujaza gesi mara moja, 150,000, kapasita, 25,000. Jumla 535,000. Tofauti ni 905,000. Kwa pesa hiyo ungenunua kiyoyozi kipya kama cha Bibi ukabaki na chenji, na pensheni ya mwalimu si mahali pa kutafutia tofauti ya namna hiyo.

Siku hizi Mama ana daftari, lile la kurasa 96 lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Alipoligawa kwa mistari alisema methali yake mwenyewe, mali bila daftari hupotea bila habari, na safari hii hakuna aliyemjibu. Kuna safu ya tarehe, ya mashine, ya kilichofanyika, ya jina la fundi na ya pesa. Safu ya mwisho inaitwa "Nimeona", na haandiki kitu humo mpaka aone kwa macho: maji machafu yaliyotoka, kapasita ya zamani, povu lililotulia. Kuosha ni Novemba, kabla ya kaskazi, na Juni, mvua za masika zikiisha. Ufa ulizibwa Februari ile ile. Kijana alikata mdomo wa bomba, akaukunja upya, akatoa hewa yote kwa pampu, akapima gesi kwa mizani. Tangu siku hiyo safu ya gesi haina kitu. Chumba cha Bibi kimerudishiwa pangaboi, na dirisha lililobadilishwa linafunguka lote.

Novemba iliyopita kampuni ilipiga simu. Nilikuwa nyumbani, Mama akaweka sauti kubwa. Alikuwa kijana mchangamfu. Akamwambia Mama wana ofa kwa wateja wa zamani, na akaanza, "Mama, si unajua, usipoziba ufa..."

"Ufa upo wapi, mwanangu?" Mama akauliza, kwa sauti ile ya darasa la nne.

Kijana akasita. "Tutakuja kuangalia, mama."

"Hapana. Fundi wangu anakuja kesho kuosha. Njoo na wewe, nitakupikia chai, mtazame wote wawili. Ukiuona ufa nitakulipa kwa kuuona."

Akasema atawasiliana na ofisi. Mama akakata simu, akachukua machujio mawili yaliyokuwa yameegemezwa ukutani barazani, akayageuza upande wa pili yapate jua.